Divai ya Konde la Chini

Fanuel alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, na Mungu siku ya kugawa pua alimpa yeye ya watu wawili. Ndiyo maana mume wangu alikoroma maisha yake yote. Ya kwake ilipunjwa. Unamletea Fanuel kibuyu cha mbangara, ile pombe yetu ya miwa, na kabla hajaifikisha mdomoni anakwambia miwa ilikatwa upande gani wa kilima, ilikunywa maji ya chemchemi gani, na mwanamke aliyeitwanga alikuwa amegombana na mumewe asubuhi au hapana. Siku moja alinusa kibuyu changu akanitazama. "Shemeji, umetia kidole." Na kweli nilikuwa nimeonja njiani. Kidole kimoja tu, tena kile kidogo.

Tulikaa upande wa Ronge, kwenye mteremko unaotazama tambarare ya Voi. Asubuhi isiyo na ukungu unaona moshi wa treni kabla hujasikia mlio wake. Chini ya mteremko palikuwa na chemchemi, na kando ya chemchemi konde ambalo baba mkwe wangu alilima miwa mpaka siku aliyokufa, akazikwa humo humo. Hilo ndilo konde la chini. Likumbukeni hilo. Mengine nikiyachanganya mtanisamehe.

Baada ya vita vya Hitla akaja mzungu tuliyemwita Bwana Kidevu, kwa sababu hakuwa nacho. Uso wake ulianza vizuri kwenye paji, ukashuka, ukafika mdomoni, ukakata tamaa. Alikuja na karatasi yenye mhuri, na karatasi ikasema mteremko wote ule hauna mtu. Mama mkwe wangu, Wakesho, alikuwa amesimama ndani ya konde la chini akipalilia miwa wakati karatasi inasomwa. Aliinua jembe ili aonekane. Haikusaidia.

Wazungu wenzake kule tambarare walipanda mkonge. Yeye akapanda zabibu. Alitaka divai nyekundu, ile ya kunywewa na watu waliokaa mezani na vitambaa magotini. Zabibu zilishika, lakini divai ilimshinda. Mwaka wa kwanza pipa lilipasuka likaua kuku saba. Mwaka wa pili nyani walishuka wakanywa iliyomwagwa, na nasikia walikwenda mpaka misheni ya Mghange kwa miguu kutafuta mtu wa kuwaungamisha. Mimi sikuwaona wakiondoka, lakini hawakurudi, na nyani haachi konde bure.

Ndipo akasikia habari za pua ya Fanuel.

Akamwita amtengenezee. Fanuel hakuomba mshahara wa ajabu. Aliomba konde la chini. Si la kuuza, si la kujenga. Mama yake alikuwa amezeeka na alitaka siku yake ikifika alazwe kando ya mumewe, karibu na maji. Mpaka siku hiyo angelima miwa yake pale, kama zamani. Bwana Kidevu alisikiliza huku akijikuna mahali ambapo kidevu kingekuwa.

"Wewe tengeneza divai mzuri," akasema. "Mimi peleka Nairobi. Halafu tutaona."

Fanuel akapanda nyumbani kama mtu aliyepewa mahari. Mama Wakesho alikuwa anachambua maharagwe, hata hakuinua uso. "Tutaona? Tutaona nani, yeye na mimi? Mimi macho yangu yameshaanza kufunga duka."

Basi kazi ikaanza, na mimi nikawa miongoni mwa wanawake wa kukanyaga. Tuliosha miguu kwa majivu, tukapanda ndani ya birika la mawe, tukakanyaga zabibu mpaka magotini. Hapo ndipo nilipojua Mungu naye ana utani. Zabibu ni nyeusi tii, lakini ukiikamua, maji yake ni meupe kama ya mwenzake mweupe. Wekundu wote umo ndani ya ganda. Ndiyo maana divai nyekundu haichujwi mara moja: maji yanaachwa yalale na maganda siku nyingi, yachemke pamoja nayo, mpaka ganda liachilie rangi. Nikamwambia Fanuel, kumbe hata huku ni mambo ya ngozi. Akacheka. Siku hizo alikuwa bado anacheka.

Maganda yanapochemka yanapanda juu, yanajifunga kama ugali uliosahauliwa, na chini maji yanakosa rangi. Fanuel aliyasukuma chini kwa mti, asubuhi na jioni, akisikiliza. Alisema divai inaongea: mwanzo inabwata kama wanawake kisimani, katikati inanong'ona, na ikinyamaza ndipo uinuse vizuri, maana inayonyamaza ndiyo inayopanga ubaya.

Kuionja ilikuwa shida. Sheria ya wakati ule haikumruhusu mtu mweusi pombe ya kizungu. Fanuel aliruhusiwa kuikanyaga, kuikoroga, kuibeba mgongoni. Kuimeza ndiyo ilikuwa kosa. Bwana Kidevu akaweka amri kwamba Fanuel akiwa ndani ya stoo aimbe muda wote, ili asikike kwamba mdomo wake hauna kitu. Yeye angekaa barazani akisikiliza. Basi Fanuel akaimba nyimbo zote za kanisa, akazimaliza, akaanza upya. Divai ile ilijua tenzi kuliko mwinjilisti. Kati ya ubeti na ubeti alichovya ncha ya kidole, akaigusisha kwenye ulimi, akajipangusa. Kumeza hakuwahi. Tulimtania kwamba ameoa mke asiyelala naye. Alisema heshima ya fundi ni kutokula kazi yake.

Divai ya kwanza ilikuwa ya kunyweka. Ya pili nzuri kidogo. Mwaka wa hamsini na tatu mapipa yakajaa, harufu ikawa ya kweli, na Fanuel akaona saa ya kuuliza habari za konde imefika. Aliuliza vibaya, aliuliza mbele ya Wambua. Huyu Wambua alikuwa nyapara, Mkamba wa Maungu, anayejua Kiingereza. Bwana Kidevu hakupenda kudaiwa ahadi mbele ya nyapara. Alikuwa ameshika upawa wa chuma. Akampiga nao Fanuel, na katika mwili wote wa mtu aliyeumbwa na mikono, miguu na mgongo, akampiga puani.

Pua ilivimba siku tisa. Siku hizo tisa Fanuel hakunusa chochote, hata moshi. Na ndizo siku hizo hizo divai ilipogeuka. Mapipa yote manne yakawa siki. Bwana Kidevu alisema ni hewa iliyoingia. Wazee wakasema ni hasira. Mimi nasema ni upawa.

Sasa niwaeleze jambo letu, maana bila hilo hamtaelewa tulivyofanywa wajinga.

Kwetu Udawida hasira ya mtu si maneno ya mdomoni. Inakaa moyoni kama kaa la moto chini ya jivu, na inaunguza visivyohusika: ng'ombe anakauka maziwa, mtoto anakohoa, mvua inapita kando. Hata kama haki ni yako, hasira yako bado inadhuru. Dawa yake ni kutasa. Unachukua funda la maji, au maji ya muwa, au pombe, unalishika mdomoni mbele ya watu, kisha unalipuliza nje lote kama manyunyu, na unasema maneno. Hasira imetoka na yale manyunyu. Aliyetasa hawezi kurudi nyuma. Amemaliza, na watu wameona.

Mzee Josephat, baba mdogo wa Fanuel, ndiye aliyesimamia mambo hayo kwetu. Alikuwa amebatizwa, na Jumapili alikaa kiti cha mbele kanisani, lakini Jumatatu alijua kazi yake. Akamwita Fanuel, akamkatia muwa, akamwambia huwezi kutengeneza kinywaji na moyo huo. Mkono wenye hasira hugeuza hata maji. Fanuel hakutaka. Akakaa wiki mbili hataki. Mwishoni mama yake akamtazama tu, naye Fanuel akaenda.

Alisimama uani, akajaza mdomo maji ya muwa, akapuliza kuelekea upande wa konde. "Kama nina hasira na mtu huyu kwa ajili ya pua yangu, itoke. Kama ni kwa ajili ya konde la baba, itoke. Zabibu zikae. Mvua inyeshe. Na yeye apate moyo."

Mzee Josephat akapangusa uso, kwa sababu upepo ulimrudishia nusu. "Upande wako umekwisha," akasema. "Upande wa pili uko ndani ya mdomo wa yule mzungu. Huo sisi hatuna mkono wa kuufungua."

Tukangoja. Vuli ya mwaka wa hamsini na nne mvua ilitukimbia. Makonde ya juu yalikauka, zabibu zikawa kama mavi ya mbuzi, samahanini lakini ndivyo zilivyokuwa. Katika konde la chini tu ndimo mizizi ilifikia maji ya chemchemi, tena kidogo kidogo, ya kunusurika na si ya kushiba. Zabibu zake zikatoka ndogo, ganda nene, nyeusi mpaka zina buluu. Fanuel alitafuna moja, akatema ganda, akaenda kukaa peke yake juu ya jiwe. Nikamfuata nikamuuliza ameonja nini. Akasema, "Nimemwonja baba."

Tulizichuma mwezi wa pili mwaka wa hamsini na tano, alfajiri, kabla jua halijazipasha. Divai ya konde la chini ikatiwa pipa lake peke yake. Hapo Fanuel akafanya jambo ambalo hakulifanya miaka mingine: siku ya kutoa maganda ilipofika, akakataa. Bwana Kidevu akafoka kwamba itakuwa chungu, itashika meno. Fanuel akasema ngoja. Akaiacha na maganda siku mbili zaidi. Mimi aliniambia kwamba kinywaji kisicho na ukakasi ni kama mtu asiye na kisa, leo mnakaa naye vizuri na kesho hakumbuki jina lako. Kikiwa na ukakasi kinajishika, kinaweza kungoja miaka.

Ikangoja katika pipa mwaka mzima na zaidi. Harufu yake ilivuka mlango, ikavuka ua, ikateremka kwa upepo mpaka nyika. Ndovu dume mmoja alipanda kutoka Voi kuifuata, akasimama nyuma ya stoo siku tatu, ametulia, masikio yamening'inia kama mtu anayesikiliza mahubiri. Hakuvunja kitu. Siku ya nne akashusha pumzi akarudi kwao. Anayesema naongopa na aende akamuulize, ndovu hawasahau.

Mwaka wa hamsini na sita, mwezi wa sita, Bwana Kidevu akaleta mwonjaji kutoka Nairobi. Mtu mwembamba, pua ndefu inayotangulia. Fanuel aliitazama pua ile kwa heshima, fundi kwa fundi. Meza ilitolewa nje, ikawekwa kwenye ukingo wa konde la chini, kwa sababu mgeni alitaka kuona mahali zabibu zilipokomaa. Sisi wafanyakazi tulisimama upande wa juu. Mzee Josephat alikuja na wazee wengine wawili, maana habari zilikuwa zimeenea. Mama Wakesho alikuwa ameletwa kwa kushikwa mikono, akakaa juu ya jiwe, akitazama maji.

Mgeni akamiminiwa. Akainua glasi juani, na kwa kweli wajukuu, jua lilipita ndani yake likatoka limevaa nguo nyekundu. Akaizungusha. Akaingiza pua, akafumba macho. Akatia funda, akaligeuza shavu hadi shavu, kisha puu, akalipuliza lote chini, majanini. Akanong'ona maneno.

Hatukuwahi kuona mzungu akifanya hivyo. Bwana Kidevu tulimjua kwa kumeza. Nilimsikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi.

Halafu Bwana Kidevu mwenyewe akachukua glasi. Akatia funda, akalishika, akageuka akaelekea konde la chini, akalipuliza juu ya udongo, manyunyu yakaonekana juani. Akaongea polepole kwa lugha yake. Mkono wake ukanyooka kuelekea chemchemi, ukashuka mpaka mahali alipolala baba mkwe wangu, ukapita konde lote kutoka mwisho hadi mwisho. Kisha akautoa ule mkono akauweka juu ya bega la Fanuel.

Mzee Josephat akavua kofia.

"Ametasa," akasema.

Mama Wakesho alipiga kigelegele akiwa amekaa, kimoja chembamba kama cha msichana. Sisi wote tukampokea. Wanawake wakacheza, mimi nikaanguka juu ya mizabibu nikainuka nikaendelea. Bwana Kidevu akadhani tunaisifu divai, akainama kidogo, mkono kifuani, kama wafanyavyo. Mgeni akacheka. Fanuel hakucheza wala hakucheka. Machozi yalimshuka yakapita pande zote mbili za ile pua.

Wambua alisimama karibu na meza. Alikuwa peke yake aliyesikia Kiingereza kile, na peke yake ambaye hakupiga makofi. Nililiona hilo. Nikadhani ni wivu wa nyapara.

Kesho yake mapema Fanuel akashuka na panga na jembe. Aling'oa safu mbili za mizabibu kando ya chemchemi, akazipanga vizuri pembeni ili mwenyewe aje azichukue, akachimba, akapanda vipande vya miwa. Mama yake alikaa ukingoni akimwonyesha mpaka ulipokuwa zamani. Mimi niliwapelekea uji, na sijapata kuona watu wanakunywa uji wakiwa wametulia namna ile.

Bwana Kidevu alipokuja alisimama. Nilitegemea bunduki. Lakini alipiga magoti mbele ya ile mizabibu iliyong'olewa, akaishika mizizi, akalia. Mzungu mzima. Kisha akainuka akatuma gari kwenda kuita askari, na wakati ule wa Emajensi, hali ya hatari, askari hawakuhitaji kuelezwa mara mbili habari za mtu mweusi mwenye panga katika shamba la mzungu. Walimfunga Fanuel mikono. Yeye alikuwa anauliza tu, kwa sauti ya chini, "Bwana, si jana? Si jana, Bwana?"

Kesi ilisikilizwa Voi. Alipoulizwa nani alimruhusu kuingia konde lile, akasema ni mwenye shamba, mbele ya watu zaidi ya sitini. Wakamuuliza, alisema maneno gani? Fanuel akajibu kwa heshima kwamba maneno hakuyaelewa, lakini mdomo aliuona. Watu wakacheka humo ndani, hata karani. Akapewa miezi sita.

Nikamfuata Wambua. Nilimkuta akifunga magunia, nikasimama mbele yake mpaka akakosa pa kutazama. Nikamwambia aniambie siku ile mzungu alisema nini.

"Alisema utamu wote wa divai hii unatoka konde hili," akasema Wambua. "Udongo wake, mawe yake, yale maji. Alisema hata wampe Nairobi nzima hataliachia."

"Na mkono begani?"

"Alisema huyu boi ana pua nzuri."

"Na kutema?"

"Wanatema wakionja, mama. Wasilewe. Ndivyo wanavyofanya."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza akituona tunacheza. Akakaza kamba ya gunia, akaikaza tena. Akasema, "Mama yake alikuwa amepiga kigelegele. Ningeanzia wapi?"

Nilipokuwa napanda kurudi nyumbani ndipo nilipoelewa vizuri, nikakaa njiani kwanza. Kama Fanuel angetengeneza siki, konde lile lingekuwa kichaka tu kwa mzungu, angeweza kumtupia siku yoyote. Aliipika vizuri mno. Kila siku aliyoiangalia divai ile ikomae alikuwa anamwongezea mwenzake sababu ya kutoachia. Siku mbili zaidi juu ya maganda, nazo pia.

Mama Wakesho hakufika mwezi wa nne wa kifungo kile. Hakuugua. Alikuwa anakaa mahali anapoiona chemchemi, na asubuhi moja uji wake ulipoa. Mume wangu alishuka kuomba mahali pa kumlaza. Hakuvuka hata lango, Wambua alirudi na jibu. Tulimzika juu, kando ya njia, penye mawe ambapo jembe linalia kila ukilipiga. Miwa aliyoipanda Fanuel ilikuwa imeshachipua kule chini. Siku ya matanga watu wa Bwana Kidevu waliing'oa.

Na divai ikaenda Nairobi ikapata kikombe. Tulikiona kikombe chenyewe, kimewekwa dirishani kwa Bwana, kinang'aa hata mtu aliye barabarani akione. Chupa zilibandikwa karatasi yenye picha ya kilima chetu. Picha ya kilima, na jina la Bwana Kidevu chini yake.

Fanuel alitoka na nywele za majivu. Aliyekuwa anatambua chemchemi kwa harufu, sasa ukimwekea chakula anakula kama mtu anayetimiza agizo. Hakugombana na mtu. Hakutukana. Kaburi la mama yake alilizunguka mara moja, akaokota jiwe lililotoka, akalirudisha mahali pake. Alikuwa na utulivu wa kutisha. Nikikaa naye jikoni nilihisi nimekaa karibu na tanuru.

Mwaka ule ng'ombe wangu alikauka. Mtoto wangu wa mwisho alikohoa mwezi mzima. Kwa mzee mwingine nyuki walihama. Watu wakaanza kumtazama Fanuel, halafu wakamtazama Mzee Josephat. Hakuna aliyesema Fanuel hana haki. Walisema haki yake inatuunguza. Mzee Josephat akaja, akakaa naye siku nyingi, akimweleza kwamba kutasa si kwa faida ya mzungu, ni kwa watoto wa huku. Siku moja Fanuel akasema sawa.

Juma lile lile Wambua akapanda kwetu na gunia la mahindi, na ndani ya mahindi chupa moja. Sijui aliitoa wapi na sikumuuliza. Alimpa Fanuel kwa mikono miwili. Ilikuwa ile yenyewe, ya konde la chini, ya hamsini na tano. Mzee Josephat akaitazama, akasema ni vizuri; kilichofunga na kifungue. Atatasa kwa hiyo.

Tukakusanyika uani asubuhi, mahali pale pale aliposimama na maji ya muwa. Mimi nilimshika mtoto wangu mgonjwa mbele kabisa, makusudi, manyunyu yamfikie. Fanuel akafungua chupa, akaimimina ndani ya kata. Akainusa. Ile pua, ambayo tulidhani imekufa, ikafunguka. Aliinusa kwa muda mrefu, na uso wake ukapita mambo mengi ambayo sikuyafuata yote.

Akatia funda kubwa, mashavu yakajaa. Akageuka akaelekea konde la chini. Mzee Josephat akainua mkono kumpa nafasi ya kuanza.

Tukangoja yale manyunyu.

Fanuel alisimama na lile funda. Kuku walipita. Mtoto wangu alikohoa mara moja. Kisha nikaona koo lake likipanda, likashuka. Akameza. Lote, polepole, bila kutoa tone. Katika maisha yake yote hilo ndilo lilikuwa funda lake la kwanza la divai.

Mzee Josephat alishusha mkono. Fanuel akamkabidhi kata kwa adabu, kwa mikono miwili.

"Ni nzuri, baba mdogo," akasema. "Ni nzuri sana."

Akaingia ndani.

Watu walitawanyika bila kuagana. Mimi nilikaa na hasira zangu, maana mtoto alikuwa wangu, nikamfuata nikamuuliza anajua alichotufanyia? Akasema anajua. Nikamuuliza basi ilikuwa na ladha gani hiyo iliyokushinda kuitema. Nilitaka kumchoma. Lakini alinijibu kama fundi anayeulizwa kazi yake.

"Mwanzo wake zambarau, zile zilizoiva mpaka zinapasuka mtini. Halafu moshi kidogo. Katikati kuna jiwe lililolala majini, lile la chemchemi. Hapo mtu akifumba macho yuko nyumbani. Mwisho ni ukakasi. Unashika meno, unashika ulimi, hauachii."

"Huo umetoka wapi?"

"Kwenye ganda," akasema. "Niliuweka mwenyewe. Isingekaa bila huo."

Mtoto wangu alipona kwa dawa ya hospitali, na ng'ombe alizaa tena, kwa hiyo msinisikie nikisema ilikuwa hasira ya Fanuel. Wala msinisikie nikisema haikuwa. Bwana Kidevu aliondoka karibu na Uhuru na kikombe chake. Konde la chini likauzwa kwa mtu mwingine mwenye karatasi nyingine, mweusi kama sisi, na zabibu zikafa. Fanuel alirudi kwenye mbangara. Watu walikuja kutoka mbali kuinywa, lakini walisema mwishoni ina kitu kinachobaki mdomoni hata ukinywa maji.

Funda lile alikaa nalo miaka thelathini na mmoja. Mzee Josephat alikufa akingoja litoke.